Gitaa mlangoni mwa ndege: Barua ya wazi kwa wakuu wa usafiri wa anga Afrika Mashariki

Kwa wakurugenzi wa mashirika ya ndege yanayobeba abiria Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Kwa mamlaka za usafiri wa anga za nchi hizo. Na kwa CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaosimamia usalama wa anga, Entebbe.

Waheshimiwa,

Mpiga gitaa mwenye safari ya ndege asubuhi huanza kujiandaa usiku. Hulilaza gitaa kitandani, akalegeza nyuzi sita moja baada ya nyingine, si kwa kuzitoa bali kuzipunguzia mvutano. Huchukua fulana, akaikunja na kuisokomeza chini ya kichwa cha gitaa, pale kasha linapoacha uwazi. Nyingine huijaza pembeni mwa kiuno ili gitaa lisicheze. Akishafunga vibanio vyote hulinyanyua kasha, akalitikisa taratibu huku ameliwekea sikio. Asiposikia kitu kinachogonga ndani, hulala.

Asubuhi hufika uwanjani mapema kuliko wenzake, kwa sababu hajui kaunta watasemaje.

Anaweza kuambiwa apite nalo. Anaweza kuambiwa alikabidhi kama begi la kawaida, au alilipie kama mzigo uliozidi ukubwa, au asaini fomu ya kukubali kwamba likivunjika asimdai mtu. Anaweza pia kuruhusiwa kaunta, akapita ukaguzi, akakaa getini saa nzima, kisha akazuiwa kwenye ngazi ya ndege, wakati hakuna tena nafasi ya kulifunga vizuri. Wiki moja baadaye anarudi na gitaa lilelile, kwa njia ileile, na jibu limebadilika. Wapiga gitaa wa ukanda huu wakikutana, hadithi hizi hazikosekani.

Barua hii inaleta ombi moja kwenu: kanuni iliyoandikwa kuhusu ala za muziki, inayosomeka kabla abiria hajanunua tiketi, na inayofuatwa sawasawa kaunta, getini na mlangoni mwa ndege.

Kiini cha tatizo kinaonekana mtu akichukua futi ya kupimia. Gitaa kavu la ukubwa wa kawaida lina urefu wa sentimita 104 hivi, kutoka kitakoni hadi ncha ya kichwa. Upana wake ni kama sentimita 40, na kina chake ni kama 12. Mzigo wa mkononi kwa mashirika mengi hauruhusiwi kuzidi sentimita 55 au 56 kwa urefu, kwa hiyo gitaa limeshakataliwa. Likitiwa kwenye kasha gumu, jumla ya urefu, upana na kina hufika sentimita 165 au zaidi, ilhali kikomo cha kawaida cha begi la tumboni mwa ndege ni sentimita 158. Huko nako limezidi. Ukilipeleka kwenye mizani, unakuta gitaa lenyewe lina kilo mbili na ushee, jepesi kuliko begi la shule la mtoto. Futi inalikataa kila mahali, mizani inalikubali kila mahali, na katikati amesimama mfanyakazi wa kaunta ambaye hakupewa maelekezo. Si haki kumlaumu yeye. Ameachiwa aamue peke yake jambo ambalo wakubwa wake hawakuliamua.

Wepesi huo wa gitaa ndio udhaifu wake. Ubao wa mbele, ule wenye tundu, una unene wa milimita tatu hivi tu, na unavutwa mchana na usiku na nyuzi za chuma ambazo nguvu yake kwa pamoja hukaribia kilo 70, uzito wa mtu mzima. Shingo ni nyembamba zaidi pale inapokutana na kichwa, na katika magitaa mengi kichwa hicho kimeinamia nyuma. Kasha likianguka chali kutoka kwenye mkokoteni, mwili wa gitaa husimama pamoja na kasha. Kichwa, chenye vyuma vya kukazia nyuzi, huwa bado kina mwendo, na hukatika palepale penye wembamba. Kwa nje kasha halina hata mkwaruzo. Ndiyo maana fulana ile huwekwa chini ya kichwa, na ndiyo maana neno "lakini kasha lako zima" halimsaidii mwenye gitaa.

Wengi hudhani adui ni baridi au hewa nyepesi ya juu. Katika ndege za jeti za abiria, sehemu ya mizigo hupewa mgandamizo wa hewa sawa na wa abiria, na hewa hiyo hulingana na ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Nairobi iko karibu na mwinuko huo, na magitaa yanaishi Nairobi miaka mingi bila kudhurika. Kinachosumbua mbao zaidi ni ukavu. Unyevu wa hewa ndani ya ndege hushuka mara nyingi chini ya asilimia 20, ilhali mafundi wengi hutengeneza gitaa kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Ubao uliozoea hewa nzito ya Dar es Salaam au Mombasa ukitua Ulaya majira ya baridi, kwenye vyumba vyenye hita, hupoteza maji, husinyaa, na mwishowe hupasuka kufuata mishipa yake. Kujikinga na hilo ni kazi ya mwenye gitaa. Huweka kichombo cha unyevu ndani ya kasha, na akifika huliacha limefungwa saa kadhaa lizoee hewa ya ugenini. Mkono unaolirusha kasha, hata hivyo, mwenye gitaa hana cha kuuzuia, kwa sababu wakati huo ameshafunga mkanda kwenye kiti chake.

Mkasa unaojulikana zaidi duniani wa aina hii ulianza tarehe 31 Machi 2008. Dave Carroll, mwanamuziki kutoka Kanada, alikuwa akisafiri na bendi yake ya Sons of Maxwell kutoka Halifax kwenda Omaha, Marekani, kwa ndege za United, wakipitia Chicago. Ndege ikiwa imesimama uwanja wa O'Hare, abiria wa kiti cha nyuma alichungulia dirishani akasema kwamba magitaa yanarushwa huko nje. Gitaa la Carroll, aina ya Taylor lenye thamani ya dola 3,500, lilivunjika. Kulitengeneza kuligharimu dola 1,200. Aliomba afidiwe, akazungushwa kwa simu na barua miezi tisa hivi, na mwisho akajibiwa kwamba hakuwasilisha dai ndani ya saa 24.

Akatunga wimbo. Tarehe 6 Julai 2009 aliuweka mtandaoni pamoja na video yake, ukiwa na jina linalosema waziwazi kwamba shirika hilo huvunja magitaa. Siku ya kwanza ulitazamwa mara 150,000, na katikati ya Agosti watazamaji walikuwa wamefika milioni tano. Kampuni ya Taylor ilimpa magitaa mapya. Shirika la ndege lilitoa dola 3,000 kwa taasisi ya muziki wa jazi ya Thelonious Monk, na likasema litaitumia video hiyo kufundishia wafanyakazi wake. Matengenezo yale ya dola 1,200 yangelipwa mapema, wimbo huo usingekuwepo.

Kilichofuata kina uzito zaidi kwenu kuliko wimbo wenyewe. Tarehe 14 Februari 2012 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kuendesha mamlaka ya anga ya Marekani, na ndani yake kulikuwa na kifungu cha 403 kuhusu ala za muziki, ambacho chama cha wanamuziki wa nchi hiyo kilikuwa kimekipigania miaka mingi. Kanuni za utekelezaji zilianza kutumika tarehe 6 Machi 2015. Ukizisoma, unashangaa jinsi zilivyo fupi. Gitaa, fidla au ala nyingine ndogo iruhusiwe ndani ya ndege iwapo wakati mwenyewe anapanda kuna nafasi salama ya kuiweka, kwenye kabati la juu au chini ya kiti. Asitozwe zaidi ya anachotozwa abiria mwingine kwa mzigo wa mkononi. Mzigo wa aliyetangulia hautolewi ili gitaa lipite, na gitaa lililokwisha kuwekwa halitolewi ili begi lipite. Ala kubwa zaidi inaweza kununuliwa kiti na kufungwa mkanda, ilimradi uzito wake pamoja na kasha usizidi kilo 75 na isizibe njia ya kutokea. Isiyoingia ndani ikubaliwe kama mzigo wa kukabidhi hadi vipimo vilivyowekwa.

Kanada, nchi ya Carroll, nayo iliweka kanuni za kuwalinda abiria ambazo zilianza kutumika tarehe 15 Julai 2019. Zinalitaka kila shirika liandike masharti yake kuhusu ala za muziki: ukubwa, uzito, idadi, ada, nafasi ya ndani, na nini kitafanyika ndege iliyopangwa ikibadilishwa na nyingine ndogo. Kanuni hizo haziulazimishi mlango wa ndege uwe mpana. Zinalilazimisha shirika liseme mapema, na kwa abiria kusema mapema ni nusu ya msaada anaouhitaji.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya nchi zenye ndege kubwa. Hoja hiyo ina ukweli, na inastahili jibu. Safari nyingi za ndani ya ukanda huu hufanywa na ndege za mapanga kama ATR 72 na Dash 8 Q400, zenye abiria sabini na kitu na makabati madogo ya juu. Kwenda Zanzibar na visiwa vingine kuna Cessna Caravan, ambazo hazina makabati kabisa, na mizigo mara nyingi hukaa kwenye sanduku lililo chini ya tumbo la ndege. Hakuna anayeomba gitaa la sentimita 104 lilazimishwe kwenye kabati lisiloweza kulimeza. Wahudumu wa ndege wana wajibu wa kuhakikisha njia ziko wazi, na neno lao kuhusu usalama likishatolewa limekwisha.

Hata hivyo udogo huohuo wa viwanja na ndege zetu unatupa nafasi ambayo Chicago haina. Mwanza, Bukoba, Kigoma, Kisumu, Zanzibar: abiria wa ndege hizi mara nyingi hutembea kwa miguu yake kutoka jengo hadi ngazi ya ndege. Anapita mita chache tu kutoka mlango wa mizigo. Mabegi ya magurudumu yasiyoingia juu huachwa hapo chini ya ngazi na kupakiwa kwa mkono. Gitaa likipewa njia hiyohiyo, halitapita kwenye mkanda wa mizigo wala halitarundikwa mkokotenini chini ya masanduku ya kilo 23. Mwenyewe anamkabidhi mpakiaji mkono kwa mkono, linalazwa juu ya mizigo mingine, na ndege ikitua analipokea palepale chini ya ngazi. Hakuna mashine ya kununua wala jengo la kujenga. Kinachohitajika ni kibandiko cha rangi moja inayojulikana viwanja vyote, na sentensi mbili kwenye mwongozo wa wapakiaji.

Kwa nini wakuu wenye mafuta ya ndege, vipuri na ratiba za kuhangaikia wasumbuke na gitaa? Kwa sababu muziki wa watu wanaowabeba umelelewa na chombo hiki. Mwaka 1952, mjini Jadotville huko Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana aliyepiga gitaa kavu peke yake, nyuzi za besi zikisema lake na nyembamba zikisema lake. Kijana huyo ni Jean-Bosco Mwenda, mwimbaji wa "Masanga". Mwaka 1959 alikuwa Nairobi, na wapigaji wa Kenya wakajifunza kutoka kwake. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport nchini Marekani. Upande wa magharibi mwa Kenya, George Mukabi alijenga mtindo wa omutibo kwa gitaa kavu na chupa ya soda inayogongwa kushika mdundo. Alifariki mwaka 1963, na vidole vya wapigaji wa huko bado vinamfuata. Miaka ishirini baada ya Newport, mwaka 1989, Remmy Ongala na Super Matimila walitoa albamu yao kwenye lebo ya Real World, Uingereza, na Kiswahili cha Dar es Salaam kikasikika kwenye majukwaa ya Ulaya.

Leo njia hiyo ina wasafiri wengi zaidi. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, huwaleta wanamuziki Mji Mkongwe, Zanzibar, mwezi Februari. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha huko huko tangu mwaka 2002, na wanafunzi wake hushika udi, ganuni, fidla na gitaa. Kila ala kati ya hizo ni ya mbao nyembamba, na kila moja inaogopa mkanda wa mizigo kama gitaa linavyouogopa. Mwanamuziki anayekwenda kupiga Nairobi Ijumaa na Kampala Jumamosi hawezi kutegemea basi. Ndege kwake ni kitendea kazi, sawa na gitaa. Shingo ikivunjika Ijumaa alasiri, usiku huo hana onyesho, hana malipo, na mwandaaji aliyemtangaza ana hasara. Gitaa la kuazima lipo, lakini mkono wake unajua umbali wa nyuzi za lake.

Ala zilizotengenezwa kwa mkono ziko hatarini zaidi, kwa sababu haziuzwi dukani. Februari 2020 Ballaké Sissoko, mpiga kora mashuhuri wa Mali, alifika Paris kutoka New York, akafungua kasha na kuikuta kora yake imetenganishwa: shingo imeng'olewa, nyuzi na daraja vimetolewa. Alisema ni kazi ya wakaguzi wa usalama wa uwanja wa Marekani. Wakala wa ukaguzi huo, TSA, ulikana kwamba ulilifungua kasha. Vyovyote ilivyokuwa, kora ile ilifunguliwa mahali ambapo mwenyewe hakuwepo kuonyesha inavyoshikwa. Wakaguzi wana haki ya kujua kilichomo ndani ya kasha lolote. Mpigaji akiwa hapo, atalifungua yeye, atainua ala yeye, na ukaguzi utakwisha upesi.

Kuna fomu ile ya kukubali hatari, na hapa mamlaka zinapaswa kusema kwa sauti. Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaoongoza safari za kimataifa za anga. Mkataba huo unalifanya shirika liwajibike kwa mzigo uliokabidhiwa ukiharibika mikononi mwake, isipokuwa uharibifu umetokana na ubovu au asili ya mzigo wenyewe. Ibara ya 26 inasema sharti lolote la kuliondolea shirika wajibu huo, au kuushusha chini ya kikomo cha Mkataba, ni batili. Gitaa lililofungwa vizuri kwenye kasha gumu, likavunjika kwa kuangushwa, haliwezi kunyimwa haki yake kwa saini iliyotiwa harakaharaka kaunta, foleni ikiwa imejaa nyuma. Abiria wengi hawalijui hilo, na wafanyakazi wengi hawakufundishwa.

Kikomo chenyewe si kikubwa. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja, kwa mizigo yake yote. Kwa kuwa SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, kiasi hicho hucheza kwenye dola 2,000 hivi. Mwenye gitaa la thamani zaidi anaweza kutangaza thamani yake anapokabidhi mzigo na kulipa nyongeza ikihitajika, na hapo kikomo hupanda hadi alichotangaza. Malalamiko ya mzigo ulioharibika yawasilishwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na kesi ifunguliwe ndani ya miaka miwili. Siku hizo saba zinapita upesi kwa mtu aliyefika usiku, akapiga onyesho kesho yake kwa gitaa la kuazima, akaondoka keshokutwa. Kaunta za mizigo zikiwa na fomu ya madai ya Kiswahili, na mfanyakazi anayeijua, mtu ataandika palepale uwanjani. Safari za ndani, kama Dar es Salaam hadi Mwanza kwa tiketi ya ndani pekee, hazimo kwenye Mkataba huo, kwa hiyo huko uzito wa kanuni zenu wenyewe ni mkubwa zaidi.

Forodha nayo ina sehemu yake. Mpingo, mti wa Tanzania na jirani zake, ndio mbao nyeusi ya zumari za Ulaya, na mafundi huutumia pia kwa magitaa. Uko kwenye jamii ya Dalbergia, ambayo tarehe 2 Januari 2017 iliwekwa yote chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Miaka miwili baadaye mkutano wa Geneva uliziondolea ala za muziki zilizokamilika sharti la vibali, na uamuzi huo ulianza kutumika tarehe 26 Novemba 2019. Msamaha huo hauigusi mbao ya Brazil iitwayo Dalbergia nigra, ambayo tangu mwaka 1992 iko kwenye orodha kali kuliko zote, na pembe ya ndovu iliyowekwa kwenye magitaa ya zamani ni suala jingine kabisa. Ofisa aliyefundishwa tofauti hizi hatamzuia kijana mwenye gitaa la mpingo lililotengenezwa jana, wala hatamwachia anayepitisha pembe.

Basi maombi yenyewe ni haya.

Kila shirika liandike kwenye masharti yake, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwamba gitaa au ala inayolingana nalo itaruhusiwa ndani ya ndege iwapo wakati wa kupanda kuna nafasi salama, bila ada zaidi ya mzigo wa mkononi. Litaje aina za ndege zake ambazo makabati hayawezi kulibeba, ili abiria ajue kabla ya kulipa.

Pale lisipoingia, likabidhiwe na kupokelewa mkono kwa mkono mlangoni mwa ndege, likiwa na kibandiko chake, na lilazwe juu ya mizigo.

Kasha likihitaji kufunguliwa na wakaguzi, mwenyewe aitwe.

Fomu za kukubali hatari zisitumike kuondoa haki iliyomo kwenye Mkataba wa Montreal, na mamlaka za anga zitoe tangazo la kulieleza hilo kwa wafanyakazi na abiria.

Na ninyi wa CASSOA, ambao kazi yenu ni kuzioanisha kanuni za nchi wanachama, mwandae mwongozo mmoja wa ukanda mzima. Gitaa linaloondoka Entebbe asubuhi likapita Nairobi na kulala Zanzibar lipite chini ya maneno yaleyale.

Wapiga gitaa nao wana deni, na ni haki litajwe mbele yenu. Waje na kasha gumu, si mfuko wa kitambaa, wanapojua kwamba ndege ni ndogo. Wafike mapema na kupanga foleni mapema, kwa kuwa nafasi ya kabati ni ya anayetangulia. Koleo na mikasi ya kukatia nyuzi viingie kwenye begi la kukabidhi. Gitaa likiwa ndani, begi lao jingine kubwa lisiwe ndani pia. Na mhudumu akisema ndege hii haiwezi, wampe gitaa kwa heshima, maana anaongea kwa niaba ya abiria wote.

Mashirika yenu yana wapakiaji ambao tayari hubeba mayai, vifaranga na vioo vya madirisha, na hufika vizima. Wanajua kushika kitu laini wakiambiwa ni laini. Mafunzo ya gitaa yanaweza kufanyika kwa nusu saa chini ya bawa la ndege, kasha moja likiwa wazi, mtu mmoja akionyesha pale shingo inapokutana na kichwa na kusema: hapa ndipo linapokatika.

Februari ijayo makasha yataanza tena kushuka Zanzibar. Tangazo la ukurasa mmoja, likibandikwa kaunta za Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe, Kigali na Zanzibar kabla ya wiki ya tamasha, litatosha kwa kuanzia. Wanamuziki wa ukanda huu wako tayari kukaa nanyi meza moja kuliandika, na kuja na magitaa yao yapimwe kwenye makabati ya ndege zenu, moja baada ya nyingine, ili kanuni iandikwe kwa vipimo halisi.

Kwa heshima,
Abiria wenu mwenye gitaa

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, Tanzania, wakuu wa viwanja vya ndege, waandaaji wa matamasha ya muziki Afrika Mashariki.